Maji Hufuatwa Kutoka Chini

Mwanangu Elibariki, ipo siku moja ya mwezi wa nane ambayo nitaisahau nikishasahau na jina langu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa viatu vyeupe vya turubai ambavyo huku mlimani hakuna mwingine aliyekuwa navyo, na nyuma yangu walikuwapo wageni sita wakinifuata kila niendako. Siku ile nilifungua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, kwenye zamu isiyo ya kwetu, na mama mmoja mjane akapoteza maji yake.

Nakusimulia hili kwa sababu ya ombi lako la jana. Ulikuja hapa uwanjani, ukaniamkia vizuri, ukala makande yangu mabakuli mawili, nikafurahi. Halafu ukafungua kinywa. Ukasema Jumanne una wageni wanne wa kuwatembeza, wanapanda kutoka Same mjini, wana droni ya kupigia picha kutoka angani. Na kwa kuwa kamati ya maji imenipa mimi bibi yako kazi ya kutunza ndiva, je, siwezi nikawafungulia mapema kidogo jua linapochomoza, wapate klipu ya maji yakiruka? Dakika kumi tu, bibi, ulisema.

Sikukujibu jana, nilikuambia kanywe chai. Leo umerudi kuchukua jibu, basi kaa hapo, shika huo ungo unisaidie kuchambua maharage. Mabovu weka pembeni. Na simu itie mfukoni, haitakimbia.

Wewe umekulia mjini, sikulaumu. Ndiva umeiona mara mbili tatu, ukaona bwawa dogo la mawe na udongo, maji yametulia, mbega wanakuja kuchungulia, pazuri. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Maji ya kijito huelekezwa mle jioni, yakajaa hadi asubuhi, kisha mzibo wa gogo unavutwa na mfereji unayapeleka mashambani. Wakati ule tawi letu la mfereji lilikuwa na nyumba sita, kila nyumba na siku yake, na Jumapili ndiva ilipumzika kama sisi. Kiangazi mvua hakuna. Anayekosa siku yake anangoja wiki nzima nyingine, na mimea haijui kungoja.

Sasa mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne pale Same, nimerudi nyumbani, sina kazi, nina maneno. Wapare tunataniwa kwamba tutauza ng'ombe kugharamia kesi ya kuku. Basi mimi ningeuza zizi zima ili nishinde ubishi. Mjomba wangu alikuwa mwalimu mjini. Akaandika barua kwamba walimu wenzake sita kutoka Unguja wako likizo, wanataka kuiona bara, wameshaona reli na mikonge na soko la Same, sasa wanataka milima. Akauliza kama yupo wa kuwatembeza. Nikajibu mimi mwenyewe kabla baba hajamaliza kusoma. Nikaandika kwamba hakuna njia ya milima hii nisiyoijua.

Hakuna njia nisiyoijua! Mwanangu, Mungu ana subira.

Walikuja na gari la mizigo mpaka Bombo, wakapanda kwa miguu mpaka kwetu, wamechoka, wanacheka. Mkubwa wao alikuwa Bi Asha, mwanamke wa makamo, mpole, wa kuuliza maswali mafupi. Walilala nyumbani kwetu siku tatu. Mama alichinja jogoo, akapika makande, wakashangaa mahindi na maharage kukaa chungu kimoja, kisha wakaomba tena. Mimi nilikuwa nimejipangia kila kitu: siku ya kwanza ndiva na msitu, ya pili maporomoko, ya tatu ule mwamba ambao ukisimama juu yake unaona tambarare ya Mkomazi yote, na siku ya hewa safi unaona Usambara kule ng'ambo.

Nilitaka waone jambo la kusimulia kwao. Ndiva iliyojaa ni nzuri, lakini imetulia tu. Ndiva inayofunguliwa ndiyo yenye kishindo. Mtunza maji wakati ule, Mzee Sefania, hakuwa akifungua kabla ya saa moja na nusu, na mimi nilitaka tuwe tumeshaingia msituni kabla ya saa hiyo. Nikajiambia: leo Jumanne, ni zamu ya Mama Namkunda. Nikifungua saa kumi na mbili na nusu badala ya saa moja na nusu, nimemdhuru nini? Maji yatamfikia mapema, atanishukuru. Unaona akili ya kijana inavyojua kutafuta sababu. Jana wewe uliniambia dakika kumi. Mimi niliiita saa moja.

Basi tukafika pale. Wageni wakasimama juu ya ukingo kwenye nyasi. Mimi nikashuka kwenye tope na viatu vyangu vyeupe, nikashika mzibo kwa mikono miwili, nikavuta. Yalitoka kwa nguvu, yakapiga mawe, yakaingia mferejini yakinguruma. Walimu wa watu wakapiga makofi. Nikasimama pale najiona kama mwenye mlima.

Bi Asha hakupiga makofi. Aliinama akayatazama yanavyoondoka, akaniuliza yanakwenda wapi.

Nikamwambia yanakwenda mashambani.

Akauliza kwa njia gani.

Nikanyoosha mkono tu kuelekea bondeni, nikasema kule. Kwa sababu, mwanangu, sikujua. Nimezaliwa pale, nimekula chakula cha mfereji ule tangu naachishwa ziwa, na sijawahi hata siku moja kuufuata mpaka mwisho. Shamba letu lilikuwa la pili kutoka juu. Baada ya pale sikuwa na shughuli napo. Nilijua njia za kwendea dukani, kanisani, shuleni, na za kwenda kutazamia mandhari. Njia ya maji sikuijua.

Tuliacha yakitiririka, tukaenda zetu msituni. Siku ile nilisema sana. Niliwaonyesha miti ya mikambi, niliwaonyesha mibono ya porini, kima, majani ambayo bibi zetu walitibia kifua, na vingine nilivitungia majina palepale kwa sababu sikupenda kusema sijui. Tukarudi alasiri, nimejaa sifa mpaka kooni.

Mama alitupokea na habari. Alizitoa taratibu, anamimina chai, hakujua anamwambia nani. Alisema ndiva imefunguliwa na mtu asiyejulikana, maji yote yameishia korongoni, Mama Namkunda hakupata hata tone.

Sikuelewa. Nikauliza yaliingiaje korongoni na yalikuwa mferejini. Mama akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linatokea wapi. Ndipo nikajifunza, kwenye kikombe cha chai, jambo ambalo kila mwenye jembe kule alilijua. Katikati ya mfereji, chini ya shamba la kanisa, pana mlango wa mawe na majani ya migomba. Anayemaliza zamu yake huufungua mlango huo upande wa korongo, ili maji yanayovuja usiku yasiende kuozesha shamba la mtu. Anayeanza zamu kesho yake huuziba. Ndiyo maana mwenye zamu hapandi moja kwa moja ndiva. Huanzia shambani kwake kabisa, huufuata mfereji kutoka chini kwenda juu, anaziba hapa, anaondoa majani pale, na akishafika juu ndipo mtunza maji anavuta mzibo. Maji hufuatwa kutoka chini kabla hayajafunguliwa juu. Mtu anayefungua kabla njia haijatembelewa amemwaga, hajafungua.

Na Mama Namkunda alikuwa njiani, mwanangu. Wakati mimi napigiwa makofi, yeye alikuwa anapanda na jembe lake begani, ameshaziba nusu ya mianya. Alipofika kwenye mlango wa korongo aliyakuta maji yamekwisha kufika, yanamiminika upande usio wake. Maji yenye nguvu hayazibwi kwa mawe. Alitia mawe, yakasombwa. Alitia majani ya migomba, yakasombwa. Mwisho alivua kanga yake akaitia na udongo, nayo ikaenda. Mama alisema watu waliomkuta walimkuta ameketi ukingoni amelowa mpaka kiunoni, anatazama korongo.

Maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yametoa maua. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, watoto wawili wako shule, na shamba lile la kiangazi ndilo lililokuwa chakula chao mpaka mvua za masika. Maharage yakiwa kwenye maua yakakosa maji wiki mbili, maua yanapukutika. Anabaki na majani ya kumpa mbuzi.

Sikumaliza ile chai. Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko ile ya kufungua: nilinyamaza. Mama akaendelea kusema kwamba watu wanamshuku Mzee Sefania mwenyewe. Ilikuwa siku ya gulio, ikasemwa alifungua mapema ili awahi kuuza tangawizi yake, na sasa anakana. Kesho yake alasiri kungekuwa na kikao palepale ndiva, na wengine walikwisha kusema anyang'anywe kazi aliyoifanya miaka na miaka bila doa. Nilisikia yote hayo, nikainuka nikaenda kuosha vyombo. Sijawahi kuviosha vyombo vizuri vile.

Bi Asha naye alikuwa amesikia. Hakunitazama vibaya, hakuniambia neno jioni ile mbele za watu. Asubuhi ndipo alinikuta jikoni napuliza moto, akachukua kigoda akakaa karibu yangu. Akaniambia kwao wana kisima kimoja chenye maji matamu, vingine vyote vina chumvi, na wanawake hupanga foleni.

"Kwetu mtu akimwaga ndoo, hata kwa bahati mbaya, husema nimemwaga mimi," akasema. "Si adabu tu, mwanangu. Ni ili watu waache kumtafuta mwizi."

Kisha akaniuliza kama uji umeiva. Hakurudia tena maneno yale, wala hakuniuliza nitafanya nini. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga. Niliuelewa msemo ule jikoni kwa mama yangu, na machozi yangu niliyasingizia moshi.

Alasiri tukaenda kikaoni. Nyumba zote sita zilikuwapo, baba yangu akiwamo, na wazee wa mifereji mingine wamekuja kusikiliza, maana kesi kwetu ni kama harusi. Mzee Sefania alisimama. Alikuwa mrefu, mkavu, koti lake moja la kanisani na la kazini ni lilelile. Alisema hakufungua yeye. Alisema alipofika alikuta mzibo umelazwa pembeni na ndiva tupu. Mtu mmoja akamuuliza kama ana shahidi. Akasema hana. Kisha mzee akauliza kama yuko mwenye neno. Alikuwa anautazama ule mzibo, hatazami mtu.

Nilisimama. Nikashika mti. Nikasema ni mimi. Nikasema nilitaka wageni waone, sikujua habari ya mlango wa korongo, na nilikaa kimya tangu jana huku nikimwacha mzee wa watu akituhumiwa. Baba yangu aliinamisha kichwa, sikuona uso wake. Nilihisi afadhali ardhi ipasuke inimeze nifike Kihurio kule tambarare kwa chini.

Mzee Sefania aliniambia kwa sauti ileile ya kila siku, "Nilikuwa nakungoja, Nakundwa."

Alikuwa ameziona nyayo. Pale kwenye tope, chini ya mzibo, palikuwa na alama za viatu vya turubai, na viatu vile mlima mzima vilikuwa jozi moja. Alijua tangu saa moja na nusu ya jana yake. Angeweza kunitaja akasafisha jina lake kwa sentensi moja. Alikubali kulala na jina chafu usiku mzima ili mimi nipate nafasi ya kujitaja mwenyewe. Mwanangu, nimekemewa na watu wengi maishani, na nilistahili, lakini hakuna karipio lililonikata kama lile.

Wazee wakaanza kupanga faini. Huyu akasema mbuzi, yule akasema mbuzi na siku tatu za msaragambo, ile kazi ya pamoja, kuzoa tope la ndiva. Mama Namkunda alikuwa ameketi nyuma yao. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, si mtu wa maneno. Akasimama.

"Mbuzi simtaki, atakula hata hayo machache yaliyobaki," akasema. "Mimi nataka miguu yake. Kila zamu yangu mpaka nivune, aje chini kwangu, aufuate mfereji pamoja nami."

Ikawa hivyo. Baba naye akasimama akatoa zamu yetu ya Ijumaa, nusu yake, iende kwa Mama Namkunda. Mzee Sefania akakubali, kwa sababu zamu haihamishwi bila mtunza maji. Kabichi za mama yangu zilikunjamana wiki ile, na mama hakunisemesha siku mbili, akinipa chakula kama anayempa mtu wa njiani. Sikulalamika. Maji yakimwagika hayazoleki, na kama yanazoleka kidogo, basi yanazolewa kwa ndoo ya nyumbani kwako.

Jumanne iliyofuata, wageni wamekwisha kuondoka, niliteremka kwa Mama Namkunda alfajiri. Nilikuwa pekupeku. Vile viatu nilimpa binamu yangu. Hakunisalimia kwa maneno mengi, alinipa jembe, tukaanza kupanda.

Nikuambie nilichokiona? Niliona kwamba kijiji changu nilikuwa sijakiona. Mfereji ule ulipita nyuma ya nyumba ambazo mimi nilizijua kwa mbele tu. Ulipita kwa bibi kipofu aliyekuwa akiujua ujazo wa maji kwa kusikiliza, akatuambia tuna uvujaji hatua kumi mbele, tukaukuta. Ulivuka genge juu ya gogo lililochongwa ndani, limeota kuvu, na Mama Namkunda akasema gogo lile lilichongwa na baba yake mumewe, na kwamba hakuna msumari hata mmoja. Pale kwenye unyevu palikuwa na maua madogo ya zambarau ambayo sikuwahi kuyaona kule msituni nilikojisifu, na vyura wadogo kama punje ya hindi. Kima walikuwa na mahali pao pa kunywa, na watu walipaacha makusudi pakivuja kidogo. Nikauliza kwa nini wasipazibe. Akasema kima akikosa hapo atashuka shambani.

Tukafika kwenye mlango wa korongo. Akanionyesha jinsi ya kupanga: jiwe kubwa chini, majani ya mgomba, udongo mbichi, kisha nyasi zenye mizizi. Kipande cha kanga yake kilikuwa kimenasa kwenye mwiba kule chini korongoni, kimefifia. Nikaziba mlango mwenyewe, akaukagua kwa mguu, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Tukapanda mpaka juu, Mzee Sefania akavuta mzibo, nasi tukateremka tukitembea na maji, yakiwa mbele yetu kidogo, yakisukuma majani makavu kama mtu anayefagia. Yalipoingia kwenye tuta la kwanza la maharage yake nililia, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Nilienda Jumanne saba. Matuta ya juu yalikuwa yameshapukutisha maua, hayakurudi. Ya chini yaliyopata ile nusu ya zamu yetu yalipona. Siku ya kuvuna alijaza nusu gunia mahali ambapo mwaka uliotangulia alijaza gunia na debe. Hakuniambia imetosha, maana haikutosha. Watoto wake walikula ndizi sana mwaka ule, na nyumba nyingine zote tano zilipeleka kitu, sisi tukiwa wa kwanza. Nilipotaka kuondoka, aliingia ndani akatoka na bakuli. Akanimiminia mikononi maharage yale mekundu yenye madoa meupe. Nikakataa, nikamwambia yeye ndiye mwenye upungufu.

"Chukua ya mbegu," akasema. "Ili usisahau yalipita wapi."

Baada ya hapo nimetembea, mwanangu. Sikukata tamaa ya kutembea, na wewe usidhani nakuambia ukae nyumbani. Tembea uone, mababu hawakukosea. Niliufuata mto wetu mpaka Kihurio, nikakuta maji ya mlima yamekuwa mpunga, na wanawake wa kule wakanipa wali nikawapa tangawizi. Nilikwenda tambarare, nikakaa siku mbili kwa familia ya wafugaji, na jambo la kwanza niliwauliza ng'ombe wanakunywa wapi. Mzee wa boma alifurahi, akasema wageni huwa wanauliza simba wako wapi. Na nilikwenda Unguja kwa Bi Asha. Nilidhani atanipeleka pwani. Alinipa ndoo, tukapanga foleni kisimani pamoja na majirani zake, na mpaka tunafikiwa na zamu nilikuwa nawajua wanawake kumi na moja kwa majina na watoto wao. Bahari niliiona kesho yake, ilikuwa nzuri sana. Lakini kisiwa nilikiona kisimani.

Basi hili ndilo neno langu, na nalisema wazi usije ukasema bibi aliongea kwa mafumbo. Nchi si picha ya ukutani. Kila mahali pazuri utakapompeleka mgeni, mlima au kijito au mji au kisiwa, pana mtu anayekula hapo, naye pengine yuko chini ambako humwoni, amebeba jembe, anapanda taratibu. Kabla hujagusa kitu ili kipendeze, nenda kwanza chini ukajue kinakwenda kwa nani. Usichokijua sema sijui. Nimesema sijui mara nyingi tangu siku ile na hakuna mgeni aliyedai arudishiwe nauli yake. Na ukikosea, maana utakosea, sema ni mimi kabla jua halijazama, usimwache mwingine alale na aibu yako. Mzee Sefania alilala na aibu yangu, nami mpaka leo sijamlipa. Amekwisha kufariki. Ninachoweza ni kutunza mzibo wake.

Sasa jibu lako. Mapema sifungui, hata dakika moja, hata kwa droni kumi. Lakini Jumanne hiyo unayoitaka ni zamu ya Namkunda mwenyewe, yule binti aliyekuwa shule mama yake akitia kanga kwenye korongo. Naye sasa ana wajukuu na shamba ni lilelile. Nimeshampigia simu jana ulipoondoka. Amekubali. Walete wageni wako kwake saa kumi na mbili, chini kabisa, si kule juu. Wavue viatu vyao vizuri. Wampe salamu, washike majembe, mpande naye mkiziba mianya mmoja baada ya mwingine. Mkifika juu mtanikuta nimekaa ukingoni. Nitavuta mzibo ikishafika saa moja na nusu, na hiyo droni yenu itaruka ipendavyo, na safari hii itakuwa na cha kuona, maana mtajua maji yanakwenda wapi.

Ngoja, usiinuke. Nipe huo ungo. Umechambua vizuri, macho yako ni mazuri. Haya unayoyaona, mekundu yenye madoa meupe, ndiyo yale. Nimeyapanda kila mwaka, sijawahi kuyakosa, na makande uliyokula jana mabakuli mawili yalitoka hapa. Fungua mkono. Hayo si ya kupika. Siku utakapopata shamba lako, hata kama ni kindoo kwenye veranda ya chumba cha kupanga pale Same, yapande.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyeweka maji juu na watu chini akupe miguu isiyochoka kushuka. Popote utakapofika, bara au kisiwani, ukute aliyekuzibia njia kabla hujafika, na wewe umzibie anayekuja nyuma yako. Namkunda asubuhi hungoja mlangoni kwake, usimcheleweshe.